Stesheni ya 504 yenye ekseli nzima nyuma: je, ni Pijo iliyopunguzwa?

SWALI: Marehemu baba alituachia Peugeot 504 stesheni ya petroli, ile ya safu tatu za viti. Logibuku inasema 1982. Imekaa chini ya mwembe miaka minane. Binamu yangu anayeishi Lyon aliiona kwenye simu akasema hiyo si 504 kamili: eti 504 halisi ina sasipensheni huru nyuma na breki za diski magurudumu yote manne, na sisi Waafrika tuliletewa iliyopunguzwa. Yetu ina ekseli moja nzima nyuma, na breki za dramu. Ni kweli? Na nikitaka kuiwasha tena, nianze na nini kabla sijaita fundi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Binamu yako anasema kweli, ila kuhusu gari jingine. Saluni ya 504 iliyotoka kiwanda cha Sochaux mwaka 1968 ilikuwa na vitu hivyo vyote alivyovitaja. Stesheni haikuwahi kuwa navyo, hata ile iliyouzwa huko huko Lyon. Tangu ilipotoka 1971, stesheni ya 504 ilikuwa na ekseli nzima nyuma na dramu, na waliochagua hivyo ni wahandisi wa Peugeot wenyewe kwa ajili ya wateja wao wa Ufaransa. Hakuna aliyewapunja. Ila dhana ya binamu yako ina mzizi mahali, na ili kuuona mzizi huo inabidi turudi nyuma kidogo.

Kabla ya 504 kulikuwa na 404, ya mwaka 1960, gari la familia kubwa la Peugeot kwa miaka hiyo yote. Mchoro wake ulikuwa wa Pininfarina wa Torino, injini yake ya cc 1618 imelazwa upande wa kulia kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Ni gari ambalo Afrika Mashariki ililijua vizuri: lilishinda Safari Rally mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na 1968 yakafika saba tena.

Peugeot haikuwa kampuni ya kurukaruka. Wakati Citroën ilikuwa imeshaweka barabarani DS yenye sasipensheni ya mafuta na gesi, Sochaux waliendelea kuboresha kile walichokuwa nacho. Kwa hiyo 504 ilirithi mengi: injini ile ile iliyolazwa, sasa imepanuliwa hadi cc 1796; gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma; propela shafti imefichwa ndani ya bomba. Mchoro ulikuwa tena wa Pininfarina, kazi ya Aldo Brovarone, wenye buti linaloteremka kwa mkunjo na taa za mbele zenye umbo la pembe nne zisizolingana. Gari lilitakiwa kuzinduliwa mapema zaidi mwaka 1968, lakini mwezi Mei Ufaransa ilisimama kwa migomo, na Sochaux yenyewe ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi: tarehe 11 Juni wafanyakazi wawili walikufa katika makabiliano na polisi. Uzinduzi ukasogezwa hadi Septemba, na umma ukaliona kwenye maonyesho ya Paris mwezi Oktoba. Lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969.

Kitu kipya hasa kilikuwa nyuma ya saluni. 404 ilikuwa na ekseli nzima, tena yenye difu ya gia ya minyoo. Saluni ya 504 ikapewa mikono miwili, kila gurudumu na mkono wake, difu imefungwa kwenye bodi kupitia kiunzi chenye raba, na shafti fupi mbili zenye buti za mpira. Diski zikawekwa mbele na nyuma. Kwenye barabara za mawe za mikoani Ufaransa mambo hayo, pamoja na springi ndefu laini na shokabzoba ambazo Peugeot ilijitengenezea yenyewe, yalifanya watu wazima watatu wakae kiti cha nyuma kutwa nzima bila kulalamika. Ndiyo 504 iliyo kichwani mwa binamu yako. Mwaka 1970 injini ikapanuliwa tena hadi cc 1971, kipenyo cha silinda milimita 88 na mwendo wa pistoni milimita 81. Wenye fedha walichukua ile yenye pampu ya kupulizia petroli ya Kugelfischer, farasi 104. Wengine wote walibaki na kabureta.

Stesheni ni habari nyingine. Chukua tochi, kalia gunia, ulale chini ya gari lako nyuma ya gurudumu la akiba. Utaona ekseli moja ya chuma toka gurudumu hadi gurudumu. Kila upande utaona springi mbili za mviringo zimesimama ubavu kwa ubavu, jumla nne. Toka katikati ya ekseli kwenda mbele utaona bomba nene linaloishia kwenye gia boksi: ndani yake ndimo propela shafti inamozunguka. Na utaona fimbo moja imepita kwa mshazari, ncha moja kwenye ekseli na nyingine kwenye bodi. Hiyo ni rodi ya Panhard.

Sasa angalia kila kimoja kinafanya nini. Gurudumu likisukuma gari kwenda mbele, ekseli hutaka kujizungusha kinyume. Kwenye magari mengi ya kazi ya wakati ule, springi za majani ndizo zilizobeba mzigo, zikashika ekseli isizunguke na kuizuia isiende kando, kazi tatu kwa mara moja, ndiyo maana hupinda na kuvunjika. Kwenye Pijo bomba ndilo linalomeza mzunguko huo na kusukuma gari kupitia gia boksi. Rodi ya Panhard inazuia kwenda kando. Springi nne zimebakiwa na kazi moja: kubeba. Hii ndiyo sababu stesheni iliyopakiwa watu saba na magunia juu ya paa bado inateleza juu ya matuta badala ya kurukaruka.

Na kwa nini hawakuiwekea ile mikono ya saluni? Kwa sababu mikono ile, gari likishuka kwa uzito, huinamisha magurudumu: juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje. Kwa watu wanne na mabegi hakuna tatizo. Kwa watu saba tairi huliwa ukingo wa ndani na gari huanza kutangatanga. Ekseli nzima haijui habari ya mzigo. Magurudumu yake yamesimama wima gari likiwa tupu au limejaa. Tena stesheni ilirefushwa: toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.90, dhidi ya 2.74 ya saluni, na urefu wa gari zima ni mita 4.80 dhidi ya 4.49. Ukiyaona mawili yamesimama pamoja utaona mlango wa nyuma na kila kilicho nyuma yake ni vitu tofauti. Kwa hiyo tangu 1971 kulikuwa na 504 mbili zenye uso mmoja, na ya kwako ni ile ya pili.

Mzizi wa dhana ya binamu yako uko mwaka 1973. Mwaka huo Peugeot ilitoa saluni ya bei ya chini, 504 L, yenye injini ya cc 1796, ekseli nzima na dramu nyuma. Hapo kweli kitu kilipunguzwa. Bei ya mafuta ilikuwa karibu kupanda na Wafaransa wengi walifurahia gari kubwa lenye ushuru mdogo. Baadaye saluni nyingi zilizounganishwa Afrika zilifuata mpango huo wa L, si ule wa kifahari. Mtu aliyelinganisha saluni ya Lyon na saluni ya Kaduna, Nigeria, angeona tofauti, na angekuwa sahihi. Kosa ni kuichukua tofauti hiyo na kuibandika kwenye stesheni.

Nigusie haraka matawi mengine. Kupe (504 ya milango miwili) na kabrioleti (ile ya paa la kukunja), zote zikijengewa bodi kwa Pininfarina, zilionyeshwa Geneva mwaka 1969, na 1974 zikapata injini ya V6 ya cc 2664 iliyotengenezwa kwa ubia wa Peugeot, Renault na Volvo. Injini hiyo ikaenda pia kwenye 604 ya mwaka 1975, ambayo ilikuwa jaribio la Sochaux kupanda daraja. Haikuuzika kama walivyotaka, na nadhani ni kwa sababu mtu aliyetaka Pijo kubwa alikuwa tayari amenunua 504. Dizeli zilikuwa muhimu zaidi. Zilitoka Indenor, kampuni tanzu ya Peugeot: kwanza cc 1948, kisha 2112, mwisho 2304 yenye farasi 70 tu. Polepole kama punda, lakini Ford ilizinunua kwa ajili ya Granada na Sierra, na wenye teksi wengi wa Ulaya walizipenda. Na pikapu, iliyokuja mwishoni mwa uhai wa 504 Ulaya, ilikuwa ekseli nzima bila mjadala.

Ulaya iliiacha kwa hatua. 505 ilikuja 1979, bodi mpya juu ya mpango ule ule wa chini, na saluni ya 504 ikabaki kama gari la bei nafuu hadi 1983. Zingatia jambo hili moja: stesheni ya 505 ilipotoka 1982 ilikuwa tena na mita 2.90 kati ya ekseli, tena na ekseli nzima, tena na springi nne nyuma. Yaani hata baada ya miaka kumi na moja, na fedha za kubuni upya, Sochaux waliona hakuna cha kubadilisha. Baada ya hapo gari kubwa la Peugeot, 605 ya mwaka 1989, lilivutwa na magurudumu ya mbele na halikuwa na stesheni kabisa. Ukoo wa gari lako uliishia kwenye 505.

Nje ya Ulaya 504 iliendelea. Kaduna, Nigeria, kiwanda kilifunguliwa Machi 1975 na kiliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000. Argentina waliitengeneza hadi 1999. Kenya pia iliunganishwa kwa miaka mingi baada ya Wafaransa kuisahau, na huhitaji kukumbushwa kwamba kwenye njia ya Nairobi, Nakuru na Kisumu jina "Pijo" lilikuwa limeacha kuwa jina la kampuni likawa jina la usafiri: watu saba, ikijaa inaondoka. Kwa jumla duniani zilitengenezwa takriban milioni 3.7. Na kwenye Safari Rally, saluni ya Ove Andersson ilizishinda Lancia Stratos mbili mwaka 1975, na kupe ya V6 ya Jean-Pierre Nicolas ikashinda 1978.

Sasa tuje chini ya mwembe.

Usiguse ufunguo kwanza. Petroli ya miaka minane si petroli tena, ni kitu kama vanishi. Fungua nati ya chini ya tangi umwage yote, toa mpira unaoingia kwenye pampu, safisha bakuli la kabureta. Ukiivuta taka hiyo hadi kwenye jeti utajipatia kazi ya siku mbili bila sababu.

Toa plagi nne. Mimina kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, acha usiku kucha. Kesho yake weka gia huru, shika nati ya puli ya kranki kwa spana ndefu, uzungushe taratibu. Ikizunguka mizunguko miwili bila kukwama, injini yako ni hai. Ikikataa, ongeza oili ungoje siku nyingine. Usikubali mtu akuambie muivute na trekta mkiwa na gia ya pili. Pistoni iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa huvunja ringi, na slivu inaweza kusogea kwenye kiti chake.

Hapo kwenye slivu ndipo injini hii inapotofautiana na Toyota ambazo fundi wako amezizoea. Slivu za 504 hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni mirija minne inayosimama ndani ya maji, inayobanwa juu na silinda hedi na kuzibwa chini na sili nyembamba. Faida yake ni kwamba injini ikichakaa unanunua slivu na pistoni mpya, unazidondosha ndani, huhitaji kupeleka bloku kuchongwa. Hatari yake ni siku hedi inapotolewa. Kitu kinachozibana kimeondoka, na fundi akizungusha kranki hata robo mzunguko, pistoni itainua slivu, sili ya chini itaachia, na maji yataanza kuingia kwenye oili hata kama gasketi ya hedi ni mpya kabisa. Mafundi wengi wamebadilisha gasketi mara tatu kwa ugonjwa uliokuwa chini. Kabla hedi haijatoka, muulize fundi atazibana slivu na nini. Vipande viwili vya bapa vyenye matundu na bolti za hedi vinatosha. Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine. Na wakati wa kurudisha, slivu zote nne lazima zitokeze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha ufundi, zilingane. Kama moja imezama, gasketi haitadumu.

Mwaga oili ya zamani uitazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiendelee. Maji yameshaingia, na sasa unajua pa kutilia shaka. Ikiwa nyeusi tu, badilisha filta, weka lita 4 za 20W-40 au 20W-50, kisha ukiwa bado umetoa plagi, zungusha kwa staata mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo unarudisha plagi.

Valvu zirekebishwe injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za kutolea moshi. Na hapa kuna mtego wa Peugeot. Silinda namba moja iko nyuma, upande wa flaiwili, si mbele kwenye feni. Zungusha kranki mpaka valvu ya moshi ya silinda ya 1 ifunguke kabisa, halafu rekebisha ya kuingiza ya 3 na ya moshi ya 4. Moshi ya 3 ikifunguka, rekebisha kuingiza ya 4 na moshi ya 2. Moshi ya 4: kuingiza ya 2 na moshi ya 1. Moshi ya 2: kuingiza ya 1 na moshi ya 3. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Fundi anayefuata kitabu kwa distributa lakini anahesabu silinda kutoka mbele atapata injini inayopiga risasi kwenye kabureta na isiyowaka, kisha atalaumu koili.

Maji. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni chuma, na hizo mbili ndani ya maji ya bomba matupu hulana. Dawa ya rejeta haihusu baridi tu. Inazuia kutu, na Nakuru inahitajika sawa na Lyon. Suuza mfumo wote mpaka maji yatoke masafi, ndipo utie dawa.

Feni itakushangaza: haizunguki wakati wote. Ndani ya kitovu chake kuna sumaku ya umeme, na swichi ya joto ndiyo inayoiamuru ishike. Umeme unafika kwenye kitovu kupitia brashi ndogo ya kaboni. Brashi ikiisha au swichi ikifa, feni haishiki, na gari linachemka ukiwa kwenye foleni lakini linapoa ukikimbia. Kwa jaribio, washa swichi ya ufunguo injini ikiwa imezimwa, kisha ruka swichi ya joto ili umeme ufike kwenye brashi. Usikie mlio mdogo wa "tak" kwenye kitovu. Usiposikia, anza na brashi, ni kitu cha bei ndogo. Ukiwa safarini na imekufa, kuna skrubu tatu za kurekebisha nafasi ya sumaku. Zikikazwa feni inashikamana moja kwa moja na utafika nyumbani. Mafundi wengi huiacha hivyo milele. Haina madhara makubwa, inakula petroli kidogo na kelele inazidi.

Gia boksi: tia oili ya injini. Nasema tena kwa sababu hakuna fundi atakayekuamini. Gia za 504 za spidi nne zilibuniwa kutumia oili ya injini ya 20W-40, lita moja na kidogo, na oili nzito ya gia yenye dawa kali hufanya gia ziwe ngumu asubuhi na kuchakaza ringi za shaba. Ikiwa gia zako zinakwaruza, kabla hujafungua chochote mwaga kilichomo na uweke oili sahihi. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo. Difu ndiyo inayotaka oili nzito, EP 80W-90, na hizo mbili zisibadilishane.

Breki ni suala la uhai, kwa hiyo usijaribu kuokoa pesa. Miaka minane inatosha kushikiza silinda ndogo za dramu nyuma na kuvimbisha mipira yote. Badilisha paipu za mpira zote, fungua kila silinda, na mafuta ya breki mapya kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukienda chini huko, tingisha rodi ya Panhard kwa mkono: bushi zake zikiwa zimelegea ndipo utasikia mkia wa gari unayumba upepo wa lori ukikupita, na watu husema ni stelingi.

Kutu. Kwa gari lililokaa juu ya majani, tafuta kwa bisibisi, si kwa macho. Choma taratibu kwenye sehemu za kuwekea jeki, kingo za chini za milango, sakafu chini ya kapeti ya dereva, na juu kabisa ndani ya boneti pale shokabzoba za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Hapo mwisho ndipo pabaya zaidi. Kukiwa na nyufa kuzunguka bolti zile, gari hilo linahitaji mchomeleaji kabla ya kuhitaji fundi wa injini.

Klachi niliiacha makusudi. Diski yake huenda imeganda kwenye flaiwili kwa kutu, utajua ukikanyaga na gia zikakataa kuingia injini ikiwaka. Mara nyingi inaachia yenyewe: pasha injini moto, zima, tia gia ya nne, kanyaga klachi hadi chini kabisa, na watu wawili watikise gari mbele na nyuma. Ikishindikana, ujue kazi inayokusubiri. Kwa sababu lile bomba limefungwa moja kwa moja kwenye gia boksi, gia haiwezi kushuka mpaka bomba lirudi nyuma, na bomba haliwezi kurudi nyuma mpaka ekseli nzima, pamoja na rodi ya Panhard, shokabzoba na paipu ya breki, ilegezwe na kusogezwa pamoja nalo. Fundi asiyelijua gari hili atakupa bei ya klachi ya Corolla, kisha siku ya pili atakupigia simu. Mwonyeshe bomba kabla hamjapatana bei.